Titi Moja, Hereni Moja: Tumsome Audre Lorde kwa Macho Yetu

Ndugu waandishi wenzangu, nina malalamiko, na ninayatoa hapa hapa kwenye ukumbi wetu. Katika miswada tunayopeana tusomeane, saratani ya matiti ina kazi moja tu: kumuua mama. Ukurasa wa kwanza mama anagusa kivimbe akiwa anaoga. Ukurasa wa tatu daktari anavua miwani na kushusha pumzi. Ukurasa wa sita tuko makaburini, mtoto analia, baba mdogo ameshaanza kuulizia hati ya nyumba, na hadithi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Ugonjwa umekuwa kama basi la kukodi: limemfikisha marehemu makaburini, limegeuza, limeondoka.

Sasa mimi nauliza: na wale walioishi, je? Maana wapo. Tunapanda nao daladala, tunanunua kwao vitumbua asubuhi. Mwanamke amekatwa titi, kidonda kimepona, amerudi nyumbani. Siku ya kwanza anayotaka kutoka anafungua kabati, anakuta sidiria zake zote zimeshonwa kwa ajili ya mtu mwenye matiti mawili. Anafanya nini? Hapo ndipo mtunzi wa riwaya alipaswa kuvuta kiti akae. Sisi tunakimbilia makaburini.

Mwandishi mmoja alikaa. Jina lake Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi, aliyezaliwa New York mwaka 1934 kwa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi. Kitabu chake kinaitwa The Cancer Journals, kilitoka mwaka 1980, na ni chembamba kiasi kwamba unaweza kukimaliza kwa siku moja. Ninataka tukihakiki kama tulivyofundishwa shuleni, maudhui na fani, kufaulu na kutofaulu. Nikifika kwenye kutofaulu nitabishana naye, maana kuna jambo ambalo mimi naona alilikaza mno.

Kwanza habari yenyewe. Mwaka 1977 Lorde alipasuliwa uvimbe kwenye titi, ukakutwa si saratani. Mwaka uliofuata, 1978, ukapatikana mwingine kwenye titi la kulia, na huo ulikuwa saratani. Alikuwa na miaka 44, mama wa watoto wawili, mwalimu wa chuo, na mwanamke aliyependa wanawake, jambo ambalo hakulificha. Titi likakatwa. Kitabu kina sehemu tatu baada ya utangulizi: hotuba aliyoitoa Chicago mwishoni mwa mwaka 1977 kuhusu kuvunja ukimya, kisha masimulizi ya hospitali na siku zilizofuata, kisha insha kali juu ya matiti ya bandia. Ndani yake amechomeka vipande vya shajara yake, vingine vya hasira, vingine vya woga mtupu.

Dhamira kuu ni moja: baada ya kisu, jamii inamtaka mwanamke ajifanye kwamba hakuna kilichotokea. Lakini angeisema hivyo peke yake, kwa maneno makavu kama niliyotumia mimi, kitabu kingesahaulika. Yeye ameiweka kwenye vitu vya kushikika. Tazameni viwili.

Cha kwanza ni kitita cha sufu. Akiwa bado wodini anatembelewa na mwanamke wa kujitolea kutoka shirika la kuwasaidia wagonjwa, naye pia aliwahi kukatwa titi. Mama wa watu amekuja kwa nia njema. Amemletea sidiria laini na kitita cha sufu ya kondoo kilichotengenezwa kwa umbo la titi, kwa rangi ya waridi iliyopauka, yaani rangi ya ngozi ya Kizungu. Anamhakikishia kwamba akivaa hakuna atakayejua, hata wanaume hawatagundua. Lorde, ambaye wanaume hawakuwa hesabu yake, anakaa anamsikiliza. Baadaye anakijaribu mbele ya kioo. Kinakaa upande, hakina uhai, rangi si yake. Kwa kitu kidogo kama hicho mwandishi ameingiza rangi, mapenzi na biashara ya urembo, bila kuhutubia. Yule mgeni pia hakumfanya mtu mbaya. Ni mwema, na wema wake ndio unaoumiza. Wangapi kati yetu tunaweza kumwandika mtu mwema anayeumiza?

Cha pili ni hereni. Siku chache baada ya kutoka hospitali anarudi kwa daktari wa upasuaji kuangaliwa kidonda. Amejipamba: amevaa vazi la kitambaa cha kente, viatu vipya vya ngozi, na kwenye sikio la kulia ananing'iniza hereni ya ndege. Moja tu. Upande uliokosa titi amewekea hereni. Mwili wake umekwenda upande, naye anaupamba kwa huo huo upande. Msomaji unataka kumpigia kigelegele. Kumbe nesi anamwangalia kifuani, anamuuliza kwa nini hakuvaa titi lake, na anamweleza kwamba wakija pale wangependa wavae chochote, vinginevyo morali ya mahali pale inashuka. Hebu fikiri: ni chumba cha kusubiri cha wanawake waliokatwa au watakaokatwa matiti! Kama hapo hapawezi kuonekana mwanamke mwenye titi moja, ataonekana wapi?

Hapo ndipo anapomleta Moshe Dayan, yule waziri wa Israel aliyekuwa akifunika jicho lililopotea vitani kwa kiraka cheusi. Hakuna aliyemwambia Dayan atie jicho la kioo ili asiharibu morali ya ofisi. Kovu lake lilikuwa la shujaa. Kwa nini la mwanamke liwe la aibu? Hoja hii hata mtoto wa darasa la saba anaielewa, na ndiyo maana ina nguvu.

Tuje kwenye fani. Sisi tulifundishwa kuamini kwamba mtindo mmoja ndiyo ufundi. Lorde anachanganya. Shajara inasema kitu cha usiku wa manane, insha inakuja kukijadili mchana. Mahali pengine shajara inakata tamaa ambapo insha ina uhakika, naye anaziacha zote mbili hapo bila kuzipatanisha. Kwa ugonjwa wa namna hii mtindo huo unafaa, kwa sababu mgonjwa naye hayuko hali moja. Asubuhi ni jasiri, jioni anashika upande uliokatwa na kutafuta kitu ambacho hakipo.

Kabla yake wapo waliowahi kuandika juu ya kisu. Mwandishi wa Kiingereza Frances Burney alikatwa titi mjini Paris mwaka 1811, wakati dawa ya usingizi haijagunduliwa, akaieleza operesheni hiyo katika barua ndefu kwa dada yake. Ukiisoma mwili unasisimka. Lakini uzito wote wa barua ile uko kwenye kungoja na kukatwa. Burney aliishi miaka 28 na ushee zaidi, akafa mwaka 1840. Miaka 28! Kwetu sisi watunzi, riwaya ilikuwa humo. Alichokifanya Lorde ni kuihamisha kalamu kutoka kwenye kisu na kuipeleka kwenye siku ya kumi, siku ya arobaini, siku ya kuvaa.

Sasa nifike kwenye ubishi wangu. Lorde anaiona bandia kama ukimya. Kwenye utangulizi anasema hana nia ya kumhukumu mwanamke aliyechagua kuivaa, na anakubali kwamba naye ameishi kwa ujasiri wa aina nyingine. Vizuri, ni uungwana. Lakini katika pumzi hiyo hiyo anaiita njia hiyo ya ukimya na ya kutoonekana. Kwa hiyo mlango anaufungua kwa mkono mmoja, anaurudisha kwa mwingine. Kwake anayevaa anaficha, na anayeficha anawaacha wenzake peke yao. Na kuhusu mifuko ya silikoni ya kuingizwa ndani ya kifua, hapo hana simile kabisa, anaipinga waziwazi.

Kwa New York ya mwaka 1978 ninamwelewa. Pale mtu aliweza kukatwa titi na jirani wa mlango wa pili asijue. Lakini leteni kitabu hiki uswahilini. Shangazi yangu alikatwa titi la kushoto miaka kadhaa iliyopita. Nilimsimulia habari za Lorde kwa Kiswahili tukiwa tunachambua mchele. Ya hereni ilimfurahisha sana, akacheka mpaka akafuta machozi. Ya bandia hakuikubali.

"Huyo dada yenu jasiri, Mungu amrehemu," akasema. "Lakini mwanangu, mimi nikitoka bila hiki, bega linapanda na mgongo unaniuma. Na sare ya harusi inanikaa kama imetundikwa msumarini. Namficha nani? Mtaa mzima ulinichangia, hata watoto wanajua. Navaa ili nikae sawa, basi."

"Hiki" ni mfuko wa kitambaa alioshonewa na fundi cherehani wa jirani, umejazwa pamba na punje za mtama ili upate uzito. Hakuna anayedanganywa na mfuko ule. Ni kama gongo kwa aliyevunjika mguu. Hasa titi lililobaki likiwa kubwa, uzito wa upande mmoja unavuta, na wengine huumwa shingo na bega. Huko Thika, Kenya, wapo wanawake wanaofuma matiti ya bandia kwa uzi, na miongoni mwa wafumaji ni wao wenyewe waliougua. Wanakaa pamoja, sindano mkononi, wanazungumza ugonjwa wao kwa sauti. Je, huo nao ni ukimya? Hapo bandia ndiyo iliyowakutanisha! Lorde aliogopa kwamba kitu hicho kitawatenga wanawake wagonjwa wasijuane. Thika imemjibu kwamba inategemea nani ameitengeneza na wameizungumza vipi.

Kwa hiyo mimi nasema kosa haliko kwenye bandia. Liko kwenye kutoulizwa. Yule mgeni wa wodini hakumuuliza Lorde anataka nini, alikuja na jibu mfukoni. Na mwandishi naye anaweza kufanya vile vile kwa mhusika wake, akaja na jibu la kishujaa mfukoni. Hapo ninatofautiana na kitabu, na ninadhani tofauti hii inatuhusu sana sisi tunaotaka kutunga.

Maana uchaguzi wenyewe ni mpana kuliko "kuvaa" na "kutovaa", na kila njia ina gharama yake ambayo mtunzi lazima aijue. Mwanamke anaweza kubaki bapa, upande mmoja au, akikatwa yote mawili, kifua kizima. Anaweza kuvaa bandia ya nje. Anaweza kuwekewa mfuko wa silikoni, mara nyingi baada ya ngozi kutanuliwa polepole, wiki hadi wiki, kwa kifaa kinachojazwa maji ya chumvi. Anaweza kujengewa titi kwa nyama yake mwenyewe kutoka tumboni au mgongoni. Hata baada ya hapo daktari anaweza kumshauri apunguziwe lile zima ili yalingane. Mfuko haudumu maisha yote, na kifua kilichopigwa mionzi kinaweza kukakamaa kuuzunguka. Nyama ya tumboni inataka operesheni ya saa nyingi na inaacha kovu la pili. Na titi jipya, hata liwe zuri namna gani, kwa kawaida halina hisia kama za lile la kwanza. Mume akiligusa yeye ndiye anayejua, mke anaona tu mkono. Jamani, mwenye kalamu anaipitaje sentensi hiyo?

Na Lorde hakuwa na wasiwasi wa bure juu ya silikoni. Mwaka 1992, ule ule aliofariki, serikali ya Marekani iliibana sana mifuko hiyo ya jeli, ikaja kuiruhusu tena mwaka 2006. Mwaka 2019 aina moja yenye uso wa kukwaruza ilirudishwa kutoka sokoni kwa sababu ilihusishwa na saratani nyingine isiyo ya kawaida. Lakini upande wa pili wa habari nao tuuseme: mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria kwamba bima inayolipia kukata titi ilipie pia kulijenga upya, kulilinganisha na la pili, na bandia. Hapo mwanamke anapewa orodha nzima, achague. Kwetu wengi hawafiki kwenye orodha.

Hata kubakiza titi ni suala la mahali ulipo. Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na daktari Bernard Fisher huko Marekani, yakaonyesha kwamba uvimbe usipokuwa mkubwa, kuutoa wenyewe na kupiga mionzi kunaokoa maisha sawa na kukata titi zima. Linabaki limepungua, pengine limebonyea upande, lakini lipo. Sasa mionzi hiyo ni ya kila siku kwa wiki kadhaa, na mashine zetu ziko kwenye miji michache. Mama wa kijijini atalala wapi wiki zote hizo? Mara nyingi linakatwa lote, si kwa sababu ugonjwa umetaka hivyo, ni nauli iliyoamua. Mhusika wa Lorde anapambana na morali ya ofisi. Mhusika wetu anapambana na stendi ya mabasi.

Kutofaulu kwingine ni kwa wale askari wanawake wa Dahomey. Lorde anawaleta kama mashujaa waliokatwa titi la kulia ili wavute upinde vizuri, anawapa wanawake wagonjwa jeshi la kujivunia. Picha inavutia. Lakini kukata titi ni hekaya ya Wayunani juu ya Waamazoni wao. Askari wanawake wa Dahomey walikuwepo kweli, na historia haiwapi desturi hiyo. Mwandishi mweusi wa Marekani akitafuta shujaa wa Kiafrika akamvisha hekaya ya Kiyunani, sisi tulio huku tuna haki ya kusema, "Dada, ngoja kwanza." Mashujaa aliowahitaji wapo. Mmoja anachambua mchele.

Na sisi tusijione tumesalimika. Utamaduni wetu wa maandishi nao una kioo chake. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi maarufu, yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Humo anamfundisha ajipambe kwa ajili ya mume, manukato na vito. Mgonjwa anamfundisha mzima kujipamba! Tangu wakati huo tumeandika mapambo mengi, na katika mashairi ya mapenzi tumeyafananisha matiti na kila tunda la sokoni, daima mawili mawili. Msichana akisoma hayo yote, siku anayogusa kivimbe anafikiria nini kwanza? Anafikiria kwamba akikatwa hana lake tena, mume ataondoka. Basi ananyamaza. Anakwenda kwa mganga, anakwenda kuombewa, anasubiri. Huku kwetu wengi wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa, na hofu ya kukatwa ni mojawapo ya sababu. Huo ndio ukimya wenyewe, ndugu zangu. Unatangulia kisu, na bandia haijaonekana bado.

Hapo ndipo Lorde amefaulu kupita ubishi wangu wote. Alifariki mwezi Novemba 1992 baada ya saratani kufika kwenye ini, miaka 14 tangu akatwe. Katika miaka hiyo alifundisha, alisafiri, alipenda, aliandika vitabu vingine. Ukurasa wake una mwanamke mwenye titi moja anayefanya kazi, anayegombana na nesi, anayechagua hereni. Mwenye kivimbe akimsoma anaona kwamba upande wa pili wa kisu kuna watu wanaishi.

Ninachoomba toleo lijalo ni hadithi, si insha nyingine kama hii yangu. Mleteni fundi cherehani anayemchukua vipimo mteja na kukuta upande mmoja hakuna kitu, aone haya au asione. Mleteni bwana harusi aliyeambiwa mapema. Mleteni mama mwenye nyama ya tumbo kifuani na mwenzake aliyebaki bapa, wakutane kliniki, wabishane. Asife mtu kabla ya ukurasa wa kumi. Mswada wangu mimi nimeshauanza, na shangazi ameshaniwekea sharti: mhusika wake asiwe wa kuhurumiwa, na sare ya harusi imkae vizuri.